Shemeji Aliyetumwa Itigi

Shelui, Iramba
9 Februari 1954

Mdogo wangu Damari,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hapa Shelui tumeamka wazima. Mama magoti bado yanamsumbua, lakini kila asubuhi anatoka nje kuota jua na kugombana na kuku. Mwanetu Ezekieli ameandika kutoka Mwanza, anasema kazi ya kinu cha pamba ni nzito ila anakula vizuri. Uwele umeota, sasa tuko kwenye palizi. Maneno haya ni yangu mimi dada yako Lea, na mkono ni wa mume wangu Mwalimu Melkizedeki kama siku zote, kwa kuwa mwandiko wangu wewe unaujua.

Neno lenyewe ni hili. Shemeji yako Filipo, mdogo wake Mwalimu, amekaa nasi tangu aliporudi kutoka mashamba ya mkonge. Hapa kijijini hana shughuli ya maana. Tumeonelea aje kwako Itigi akusaidie katika kazi yako ya nta. Ana nguvu, anajua kubeba, na anasema kidogo Kihindi cha dukani. Tena wewe ni mjane, unakaa na wasichana wawili uani, karibu na stesheni ambapo watu wa kila namna hushuka. Si vizuri nyumba ya namna hiyo ikakosa sauti ya kiume. Watu huku wanauliza.

Atapanda lori la Jumatatu. Mpokee kama ndugu.

Mama anakusalimu sana.

Ni mimi dada yako,
Lea

Na mimi shemeji yako Melkizedeki naongeza salamu zangu. Mwaka huu wazee wa kanisa watachaguliwa, na jina langu limetajwa. Utuombee.


Itigi
14 Machi 1954

Dada Lea,

Shikamoo. Mpe Mama shikamoo yangu, umwambie dawa ya kuchua nimempa dereva wa lori la Singida, ameahidi kuifikisha. Mimi ni mzima. Luciana na Febronia wanaofanya kazi kwangu wanakusalimu ingawa hawakujui. Febronia si msichana tena, amepata mjukuu.

Filipo amefika. Nimempokea. Nimempa chumba cha nje ya ua, kile cha mpangaji wa reli aliyehama, na chakula anakula kwangu.

Sasa nakueleza kazi ilivyo, labda mlidhani ni kubeba magunia tu. Warina asali wananiletea masega yaliyokwisha kutolewa asali. Ndani yake kuna majana, watoto wa nyuki, yaliyooza, matope, majani, mbawa. Tunayachemsha na maji kwenye pipa, tunamimina kwenye gunia, tunakamua, tunachuja kwa kitambaa cheupe, tunaacha nta ipoe kwenye makarai. Harufu yake mtu wa kwanza hutapika. Mimi siichukii, kwa sababu ni uchafu unaoelekea kuwa safi. Nta yangu ikikatwa ni ya manjano mpaka ndani. Mhindi anayeinunua, Bwana Ratilal, huikata mbele yangu na hajawahi kukuta taka.

Filipo siku ya tatu aliosha miguu katika karai la kupozea. Nilimwambia. Akacheka. Kesho yake nikamkuta anapenga kamasi kwa kitambaa cha kuchujia. Anatafuna tumbaku na kutema popote alipo, hata maji ya kunywa hayasalimiki. Akila, anaanza na sufuria, mkono wake wote unaingia ndani kabla mtu hajapakua. Nimeacha kula anapokula. Nampakulia, nakwenda kukaa upande wa jiko nisimwone.

Haya ni mambo ya mtu asiyelelewa, naweza kumfundisha. Kinachonisumbua ni macho yake. Luciana na Febronia wakiinama kwenye pipa, yeye huacha kazi. Hajifichi. Anatazama kama mtu anayechagua nyama.

Na nakuuliza, dada. Mmetoa nyumbani mwanamume mwenye nguvu wakati wa palizi, Mwalimu yuko shuleni na wewe una mgonjwa. Nani analima? Sikuelewa. Nijibu hilo.

Mdogo wako,
Damari


Shelui
2 Mei 1954

Mdogo wangu Damari,

Salamu katika Bwana. Dawa ya Mama imefika, magoti yamepoa kidogo. Mvua ilikata mapema lakini uwele tutavuna. Barua yako ilikaa Singida majuma matatu ndipo ikatufikia.

Tumesikitika kwa uliyoandika. Filipo ni ndugu wa damu wa mume wangu, na heshima yake ni heshima ya nyumba yetu. Mwanamume aliyekaa kambi ya mkonge hawezi kuwa na mikono laini kama ya mwanamke. Kutema mate si dhambi. Kutazama si dhambi. Ukimlinganisha mtu mzima na mtoto wa kufundishwa, utamvunja moyo. Bora umpe kazi inayomfaa. Yeye azungumze na Mhindi juu ya nta, wewe ubaki na mapipa. Kwa njia hiyo kila mtu atakuwa mahali pake, na watu wataacha kusema kwamba Damari amegeuka bwana.

Habari za palizi usisumbuke, tulipata vibarua.

Mwalimu ameteuliwa mzee wa kanisa siku ya Pasaka. Tulimshukuru Mungu, tukachinja jogoo.

Dada yako,
Lea

damari funga mulango hata muchana


Itigi
20 Juni 1954

Dada,

Shikamoo.

Barua hii sikuitia posta. Nimempa Dorkas, mkunga wa zahanati, anayekuja likizo ndefu kwao hapo Shelui. Atakupa mkononi, Mwalimu akiwa shuleni, na mahali utakaposhindwa kusoma atakusomea. Kwa Mwalimu nimeandika nyingine fupi, kwamba Filipo ameondoka kwangu na hatarudi.

Ule mstari wa penseli chini ya barua yako niliusoma mara nyingi. Najua ni mkono wako, nadhani uliuandika Mwalimu alipokwenda kutafuta bahasha. Nilikutii. Nikanunua komeo, nikafunga mlango wangu usiku na mchana. Mlango wangu, dada. Wa Luciana sikuufikiria. Hilo linanichukiza kuliko yote nitakayokuandikia hapa.

Kwanza alianza na nta. Mwezi wa tano Bwana Ratilal alikuja kununua, akanipita mimi niliyesimama pale na kumwuliza Filipo nta iko kiasi gani. Filipo alikuwa amemwambia kwamba yeye ndiye mwenye kazi na mimi ni shemeji yake anayemtunzia. Mwaka wa sita huu nachemsha masega, nimepofuka nusu kwa moshi wake, halafu mtu anayenawa miguu katika karai anaitwa mwenye kazi. Nikamwambia Ratilal, mbele ya Filipo, kwamba akitaka nta ataniuliza mimi, na asipotaka kuniuliza nitaipeleka Tabora. Alikohoa, akaniuliza mimi. Filipo tangu siku hiyo hakunisalimu.

Alhamisi iliyopita nilikwenda stesheni na magunia. Mizani ilikuwa imeharibika, nikarudi mapema, kama saa nane mchana. Febronia alikuwa kwa mjukuu. Banda la nta lilikuwa limefungwa. Dada, hakuna mtu anayefunga banda lile moto ukiwaka, moshi utamuua. Nikasukuma.

Niliyoyaona sitayaandika. Luciana ana miaka ishirini na miwili na maneno ya jambo hili ni yake, si yangu. Nitasema tu kwamba mdomoni mwake mlikuwa na kitambaa cha kuchujia.

Nilichukua mwiko wa pipa, ule mrefu, nikampiga nao mgongoni mpaka ukavunjika. Hakukimbia. Alitoka akifunga mkanda wake taratibu, kama mtu aliyemaliza kula. Akasimama uani, akatema tumbaku yake kwenye karai, akanitazama akicheka.

Akasema, "Kelele za nini? Dada yako hakupiga kelele."

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Nilitupa godoro lake na sanduku lake barabarani, nikasimama mlangoni na kipande cha mwiko mpaka alipoondoka. Nimechoma kitambaa. Lile karai nimelitoboa kwa msumari nisije nikalitumia tena kwa kusahau. Kila kitu alichogusa nakiona kina utelezi.

Luciana hasemi. Amerudi kwa baba yake, Mzee Urbano, mrina asali aliyeniletea masega ya kwanza kabisa nilipofiwa na mume wangu. Alinikabidhi binti yake kwa mkono wake. Bado sijakwenda kumwona. Naogopa, nakuambia kweli.

Sasa nijibu wewe, si Mwalimu. Ulijua?

Damari


Shelui
15 Julai 1954

Kwa Damari,

Salamu. Mimi Mwalimu Melkizedeki naandika, na dada yako ameketi hapa karibu yangu anaitikia kila neno.

Barua yako fupi tumeipata, na ndugu yangu Filipo tumempokea, mwembamba, mgongo umevimba. Ametueleza kwamba alimwonya mfanyakazi wako mvivu, ndipo ukamvamia kama mtu mwenye pepo. Mwanamke kumpiga shemeji yake! Nimeyaficha haya kwa mchungaji kadiri niwezavyo. Mama yako analia. Ameacha kula siku mbili.

Nimefikiri sana kama mkubwa wa nyumba hii. Kazi ya nta imekuondoa katika njia ya wanawake wenzako. Unabishana na Wahindi, unasimama stesheni na makuli, unajiona huna mtu juu yako. Kwa hiyo tumeamua hivi. Uchague moja: umrudishe Filipo kwa heshima awe msimamizi wa kazi, au uiache kazi hiyo mikononi mwake na urudi Iramba. Yuko mzee mmoja wa kanisa, mjane, mtu wa ng'ombe wengi, aliye tayari kukuoa licha ya umri wako. Nimekwisha kuzungumza naye.

Dada yako amekubali. Jibu kabla ya mwisho wa mwezi wa nane.

Ni mimi shemeji yako,
Mwalimu Melkizedeki


Shelui
8 Agosti 1954

Damari mdogo wangu,

Marahaba. Anayeandika ni Dorkas. Tuko nyumbani kwa mama yake, nimesema nakuja kutwanga. Nilitaka kuandika kwa mkono wangu, lakini maneno ni mengi na penseli inanichelewesha.

Siku Mwalimu anaandika ile barua ya mwezi uliopita, mimi nilikuwa jikoni. Sikuitikia chochote. Mama halii kwa sababu yako. Mama hajui, analilia magoti yake.

Umeuliza kama nilijua. Nilijua.

Ilikuwa mwezi wa pili. Mwalimu yuko shuleni, Mama yuko nje na kuku wake. Nilikuwa napiga magoti kwenye jiwe la kusagia, nasaga uwele. Filipo aliingia nyuma yangu. Hayo mengine na mimi sitayasema, hata kwa Dorkas ambaye ameona kila kitu katika kazi yake. Sikupiga kelele. Nilisikia Mama anaita kuku pale nje, nikafikiri, nikipiga kelele ataingia na kuona. Basi nikanyamaza kwa ajili hiyo, na yeye amefanya kunyamaza kwangu kuwa kitu cha kuchekea uani kwako.

Nilimwambia mume wangu jioni ile ile. Damari, alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Aliniuliza kama kuna aliyeona. Nikasema hakuna. Akasema, basi nenda kaoge. Nilipotoka kuoga nikamkuta ametoa karatasi, ananiambia, nafikiri Filipo angefaa Itigi. Akaandika. Mimi nikaketi pale nikiwa bado na maji mwilini, akanisomea, akaniuliza, imekaa vizuri? Nikasema imekaa vizuri.

Ningeweza kukataa. Nakuambia hili kwa sababu usije ukanionea huruma. Nilitaka atoke. Nilitaka kusaga uwele wangu bila kugeuka nyuma. Nilijua una wasichana uani, Mwalimu mwenyewe aliwataja katika barua, nikasikia ikisomwa, nikanyamaza. Nilikutumia uchafu wangu kwa lori la Jumatatu. Nilipoandika ule mstari wa penseli nilijiona nimefanya jambo kubwa.

Sasa amerudi. Anakaa mezani na kaka yake, wanaomba kabla ya kula, Mwalimu anafumba macho. Mimi napakua. Mikono yangu naisugua kwa majivu mpaka inachubuka. Unga niliosaga kwenye jiwe lile siwezi kuumeza, nakula viazi tu. Jumapili Mwalimu alisimama mbele kama mzee wa kanisa akasoma Neno, sauti yake ile nzuri, nikatoka nje nikatapika nyuma ya kanisa. Wanawake wakafikiri nina mimba, wakacheka, kwa umri huu.

Sikuombi unichukue. Nimekujibu tu ulichouliza.

Lea


Itigi
2 Septemba 1954

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara moja. Mara ya pili sikuweza.

Sitakudanganya. Nimekuchukia siku nne nzima. Nilikuwa nikikoroga pipa nasema na wewe kwa sauti, Febronia akafikiri nimeshikwa na homa. Yaliyokupata yananiuma. Na hilo jingine, la kuketi na kusema imekaa vizuri, nalo linaniuma. Moja halifuti lingine. Sijui mtu anaweka wapi vitu viwili vya namna hiyo, nimeviacha vyote.

Nilikwenda kwa Mzee Urbano. Nilikaa chini, nikamwambia yote ninayoyajua, pamoja na kwamba nilifunga mlango wangu nikasahau wa mtoto wake. Akaniuliza kama niko tayari kusema vile vile barazani mbele ya jumbe. Nikasema ndiyo. Luciana alikuwa amejikunyata ukutani. Akasema, "Nitasema mwenyewe. Wewe Mama Damari utasema uliyoyaona tu, usiniongezee." Basi hivyo ndivyo itakavyokuwa. Wito umekwisha kutumwa Iramba, tarishi atamleta Filipo. Kesi ni mwisho wa mwezi huu.

Mwambie Mwalimu, au nitamwandikia mwenyewe, sijali, majibu yangu. Filipo harudi. Kazi ni yangu na itabaki kwangu. Huyo mzee wa ng'ombe namshukuru kwa kunivumilia umri wangu, lakini sijatangaza kutafuta bwana. Na barua yoyote nitakayoletewa kwa mwandiko wa Mwalimu itaingia chini ya pipa bila kufunguliwa.

Sasa juu yako. Hukuomba, lakini nakuambia. Mlango wangu uko wazi kwako na kwa Mama. Nina masharti, uyasikie kabla hujapanda lori, yasije yakaonekana ukali baadaye.

Utakaa chumba cha nyuma na Mama. Cha nje ya ua sikitumii, kwanza nimekibomoa. Utafanya kazi na kulipwa kama Febronia anavyolipwa, hutakuwa bibi mkubwa wa mtu kwa sababu ni dada yangu. Mwalimu haingii ndani ya ua huu, si kwa kuongea wala kwa kuomba. Ukitaka kuonana naye mtaonana nje. Ukitaka kurudi kwake sitakuzuia, ila hutarudi tena kwangu mwezi unaofuata, nyumba yangu si mahali pa kupumzikia ili uende ukaumizwe upya.

Na la mwisho. Luciana akirudi kazini, utamwambia kwa mdomo wako uliyomwambia Dorkas. Mimi sitamwambia kwa niaba yako. Hatadaiwa kukujibu.

Kama masharti haya yanakuudhi, kaa Shelui. Nitamletea Mama dawa kama kawaida.

Damari


Itigi
5 Desemba 1954

Kwa Damari, Tabora, kwa mkono wa mama mchungaji unakofikia.

Mdogo wangu,

Habari za Tabora? Naandika mwenyewe. Nimeanza jana, nikapumzika, nimeendelea leo. Ukikuta herufi zimezidi, uziruke.

Mama ni mzima. Amegundua kwamba joto la jiko la nta linafaa magoti, sasa haondoki pale, anamwamuru Febronia namna ya kuchochea moto. Mvua zimeanza. Warina asali wamepungua kuja kwa sababu ya matope, lakini Mzee Urbano alileta magunia matatu kwa punda. Bwana Ratilal alipita akauliza kama kweli umekwenda kuuza Tabora. Nikamwambia ndiyo. Akasema ungemngoja. Nikasema nitakuandikia kwamba amesema hivyo, basi nimekuandikia.

Filipo bado yuko jela ya Manyoni, hilo unalijua. Lakini siku ile ya kesi, mimi na Mama tulipokuwa tumeshahamia kwako, kuna jambo la barazani sikukuambia. Aliposimama Luciana na kusema yake mpaka mwisho, nikafikiri nitaweza. Jumbe aliponiita na mimi, nikamwona Filipo ananitazama vile vile kama siku ile, nusu anacheka. Nikasikia kichefuchefu mpaka kooni. Nikasema nikiwa nimeziba mdomo kwa kitenge, na jumbe akaniambia nikiondoe mdomoni, hawasikii. Nikaondoa. Nilifikiri nikishasema kile kichefuchefu kitakwisha. Hakikwisha. Kimepungua kidogo kama Mama na magoti yake.

Majuma mawili baada ya wewe kuondoka Mwalimu alikuja. Wameshamvua uzee wa kanisa. Alishuka lori, viatu vina matope, akaja moja kwa moja mlangoni, akaweka mkono kwenye komeo. Nikatoka nikaufunga mlango nyuma yangu, tukasimama nje kwenye manyunyu. Akasema tuingie ndani tuzungumze kama watu. Nikamwambia mwenye nyumba hayupo na alisema usiingie. Akasema, mwenye nyumba ni mdogo wako. Nikasema ndiyo, ni yeye.

Aliomba maji, nikamletea pale pale nje. Akanywa. Akaanza kunieleza kwamba yeye ndiye aliyeumia kuliko wote, kwa sababu mimi nina dada, Filipo ana kaka, yeye hana mtu, na kanisa limemwacha. Alilia, Damari. Zamani machozi yake yangenimaliza. Niliyatazama yanavyoshuka na kuingia kwenye masharubu, nikaona ni uchafu tu kama uchafu mwingine, nikataka aondoke ili nioshe kikombe.

Akaniuliza, "Unataka niandike nini kwa watu wa Shelui?"

Nikamwambia, "Andika uliloniuliza jioni ile. Kama kuna aliyeona."

Akarudisha kikombe, akarudi barabarani kungoja lori. Lilichelewa sana siku ile. Alikaa pale chini ya turubai la muuza karanga na sisi ndani tunamwona kwenye upenyo wa ukuta, na sikutoka tena.

Sasa habari ya Luciana, ndiyo iliyonifanya nishike penseli.

Unajua siku aliporudi kazini nilimwambia kama ulivyoniagiza. Sikukusimulia ilivyokwenda kwa sababu haikwenda popote. Nilimwambia nilijua mtu ninayemtuma, na kwamba nilinyamaza ili atoke kwangu. Alisikiliza akiwa anapanga makarai. Nilipomaliza akabeba karai lake akatoka. Tangu siku hiyo mwezi mzima hakusema na mimi. Nikimsalimu anaitikia kwa sababu ya umri wangu, basi. Nikikaa upande huu wa pipa, yeye anahamia ule. Nilizoea. Sikumlaumu, wala sikuwa na mahali pa kulalamikia.

Basi jioni ile Mwalimu alipopanda lori, nilirudi bandani. Pipa lilikuwa limechemka, na Febronia alikuwa amekwenda kumnyonyoa kuku wa Mama. Luciana alikuwa peke yake na gunia la moto limejaa, anajaribu kulisokota, haliwezekani kwa mtu mmoja. Nikasimama mlangoni, sikuingia. Nikangoja amalize.

Akasema bila kunitazama, "Shika huko mwisho. Sokota kwa kulia, mimi nasokota kwa kushoto."

Nikashika. Tulisokota mpaka machicha yakakauka. Nta iliyotoka ilikuwa nyingi. Mikono ilituungua wote wawili, akaniletea mafuta ya samli katika kijiko, akakiweka chini karibu na mguu wangu, akaenda zake.

Kesho yake alikuwa upande ule ule wa pipa, mbali nami. Nikachochea moto upande wangu.

Uje salama. Uza kwa bei yako.

Dada yako,
Lea